Paipu ya Kiti Iliyokwama: Jinsi ya Kuitoa Bila Kuharibu Fremu ya Baiskeli

Baiskeli ambayo kiti chake hakipandi wala hakishuki bado hutembea. Ndiyo maana tatizo hili huachwa kwa miezi, na hata miaka, mpaka siku ambayo mwenye baiskeli anataka kuiuza, kumpa mtoto wake, au kubadilisha kiti kilichopasuka. Siku hiyo hugundua kwamba paipu inayobeba kiti imeshikana na fremu kama kitu kimoja. Nyundo huletwa, baiskeli hupigwa, na jioni fremu iliyokuwa nzima huwa imepinda au imepasuka.

Makala hii inaeleza kwa nini paipu ya kiti hukwama, hatua za kuitoa kwa utaratibu, na namna ya kuzuia isikwame tena. Jambo kuu la kukumbuka tangu mwanzo ni hili: paipu hununuliwa nyingine kwa bei ndogo, lakini fremu ndiyo baiskeli yenyewe. Kila hatua iliyoelezwa hapa inalenga kuokoa fremu, hata kama paipu itaharibika.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Katika mji wa Lodwar, kuanzia Kanamkemer hadi Nakwamekwi na Napetet, na kule Kakuma na Kalobeyei, baiskeli ni chombo cha kazi. Hubeba mitungi ya maji, unga, mkaa, kuni na abiria. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa na baiskeli, mpakani Busia kati ya Kenya na Uganda, kabla ya pikipiki kulichukua. Katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, na katika makazi ya Kalobeyei yaliyoanza kupokea watu mwaka 2016, umbali kati ya nyumba, soko, shule na zahanati ni mrefu, na jua halina huruma kwa anayetembea kwa miguu.

Mara nyingi baiskeli moja hutumiwa na watu kadhaa. Baba huiendesha asubuhi, mama huichukua kwenda kisimani, na mtoto huenda nayo dukani jioni. Miguu ya watu hao watatu hailingani. Kiti kikiwa chini mno, goti hubaki limekunjwa muda wote, na mtu anayebeba mizigo mizito kila siku huanza kuumwa na magoti. Kiti kikiwa juu mno, mwendeshaji huyumba nyonga kila anapokanyaga pedali, na mguu wake haufiki chini anaposimama. Kwa mtoto anayeendesha kando ya barabara kuu ya kutoka Lodwar kwenda Kakuma na Lokichoggio, ambako malori hupita kwa kasi, kushindwa kuweka mguu chini kunaweza kuwa mwanzo wa ajali.

Kutu katika nchi kavu

Wengi hushangaa kusikia kwamba kutu husumbua Turkana. Lodwar hupata mvua ya karibu milimita 200 tu kwa mwaka. Lakini kutu haihitaji mvua ya masika. Inahitaji maji kidogo na hewa tu, na chumvi ikiongezeka kazi huenda haraka zaidi. Vyote hivyo vipo.

Maji humwagika kutoka kwenye mitungi inayofungwa kwenye karia, nyuma tu ya kiti. Jasho la mwendeshaji, ambalo lina chumvi, hutiririka hadi chini ya kiti. Laga zikijaa, watu huvuka na baiskeli zao, au huziosha humo. Matone hayo yote huteremka na kuingia kwenye ule mwanya mwembamba kati ya paipu na fremu. Juu ya fremu, karibu na bolti ya kubana kiti, kuna ufa uliokatwa makusudi ili fremu iweze kubana. Ufa huo kwa kawaida uko upande wa nyuma, na gurudumu la nyuma hurusha matope na maji moja kwa moja kuuelekea.

Maji yenyewe katika sehemu nyingi za kaunti hii yana chumvi. Ziwa Turkana halina mto unaotoka, kwa hiyo chumvi inayoletwa na mito hubaki humo, na maji yake ni ya magadi. Hata chini ya ardhi hali ni hiyo katika maeneo kadhaa. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba hifadhi kubwa ya maji imegunduliwa chini ya bonde la Lotikipi, lakini vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba maji hayo yana chumvi nyingi mno kwa kunywa. Maji ya chumvi yakimwagikia baiskeli, hukauka upesi kwa sababu ya jua, lakini chumvi hubaki mahali pake ikisubiri tone linalofuata.

Kisha kuna vumbi. Chembe za mchanga huingia kwenye mwanya uleule, huchanganyika na kutu, na kuwa kama saruji. Na kutu huchukua nafasi kubwa zaidi ya mara mbili ya chuma iliyokila. Mwanya uliokuwa mwembamba kama unywele hujazwa, na kutu huendelea kusukuma pande zote mbili. Hiyo ndiyo nguvu inayoishika paipu.

Kutambua chuma na alumini

Kabla ya kuanza kazi, ni lazima kujua paipu na fremu zimetengenezwa kwa nini. Njia rahisi ni sumaku, hata ile iliyotolewa kwenye spika ya redio iliyoharibika. Sumaku ikinata, hiyo ni chuma. Isiponata, kwa kawaida ni alumini.

Baiskeli nyeusi nzito zinazojulikana nchini kote kama Black Mamba huwa na fremu ya chuma na paipu ya chuma. Hizi hushikana kwa kutu nyekundu. Baiskeli nyingi za mitumba zenye gia huwa na paipu ya alumini, na fremu yake inaweza kuwa ya chuma au ya alumini. Alumini ikikaa ndani ya chuma na kuloweshwa na maji ya chumvi, metali hizo mbili hufanya kazi kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Haitoi kutu nyekundu bali unga mweupe, na unga huo hubana vilevile.

Tofauti hii ina faida moja kwa fundi. Alumini hupanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Kwa hiyo paipu ya alumini iliyo ndani ya fremu ya chuma hubana zaidi saa saba mchana na hulegea kidogo alfajiri. Tofauti ni ndogo sana, chini ya sehemu moja ya mia ya milimita, lakini fundi anayejaribu kabla ya jua kuchomoza hajipi mzigo wa ziada. Barafu ikipatikana, kama ile ya wauza samaki au ya soda, inaweza kufungwa kwa kitambaa kuzunguka paipu kwa muda kabla ya kuizungusha. Ikiwa fremu na paipu zote ni za chuma, saa ya siku haibadilishi kitu, kwa sababu zote hupanuka na kusinyaa pamoja.

Hatua ya kwanza: kuhakikisha kwamba kweli imekwama

Baadhi ya paipu zinazosemekana zimekwama hazijakwama. Nati imelegezwa, lakini bolti imeshika kutu kwenye tundu lake na bado inabana fremu. Bolti itolewe yote, isiachwe ikiwa imelegea tu. Ikikataa, itiwe mafuta kwanza na isubiri, kisha igongwe polepole kwa kutumia msumari mnene au kipande cha nondo.

Bolti ikishatoka, mwenye baiskeli afanye mambo matatu:

1. Aweke alama kwa msumari au utepe mahali paipu inapoingia kwenye fremu. Bila alama, ni vigumu kujua kama imesogea hata kidogo.

2. Asafishe mchanga wote kwa brashi ngumu, hasa ndani ya ule ufa. Pampu ya baiskeli inaweza kutumika kupuliza vumbi.

3. Aingize ncha ya bisibisi bapa kwenye ufa na kuupanua kidogo tu. Ufa ukilazimishwa, fremu hupasuka chini yake, na ufa huo mpya huendelea kukua.

Hatua ya pili: mafuta na subira

Hapa ndipo kazi nyingi hufaulu au huharibika. Mafuta huhitaji muda kupenya kwenye kutu. Anayetia mafuta na kuanza kupiga baada ya dakika tano hajaipa kazi nafasi.

Mafuta bora ni yale ya kulegeza kutu yanayouzwa kwenye makopo katika maduka ya vifaa. Yasipopatikana, mafundi wengi hutumia dizeli iliyochanganywa na mafuta kidogo ya injini. Mafuta ya kupikia hayafai, kwa sababu hukauka na kuwa kama gundi. Maji ya betri hayafai kabisa. Ni asidi, hula fremu na huunguza ngozi na macho.

Mafuta hutiwa kidogo kidogo kuzunguka paipu pale inapoingia, na ndani ya ufa. Asubuhi na jioni, kwa siku mbili au tatu, hurudiwa. Kila baada ya kutia, paipu hugongwa kwa upole kutoka pande zote kwa nyundo ndogo, huku kipande cha ubao kikiwa katikati ili kuizuia isibonyee. Mtikisiko mdogo hufungua njia ya mafuta kupita.

Kuna njia ya kutia mafuta kutoka chini pia. Fundi akiwa ameshafungua ekseli ya pedali, baiskeli hugeuzwa juu chini, na mafuta humiminwa ndani ya fremu kupitia tundu la ekseli ili yateremke hadi mwisho wa paipu. Kwa kuwa paipu ni tupu ndani, ncha yake izibwe kwanza kwa kitambaa, la sivyo mafuta yote yatamwagika chini. Baadaye ekseli ipakwe grisi mpya, kwa sababu dizeli huiosha ile ya zamani.

Mafuta yasifike kwenye tairi, kwenye raba za breki wala kwenye rimu. Breki yenye mafuta haishiki.

Hatua ya tatu: kuzungusha, si kuvuta

Kosa la kawaida ni kuvuta paipu kwenda juu, au kupiga kiti kutoka chini. Kutu imeshika paipu kwa urefu wote ulio ndani, na kuvuta kunataka kuivunja yote kwa mara moja. Kuzungusha ni tofauti. Mkono mrefu wa spana hukuza nguvu ya mtu mara nyingi, na paipu ikisogea hata nusu milimita, ile kutu iliyoishika imeshaanza kukatika.

Kiti chenyewe kinaweza kutumika kama mkono, lakini kiwe cha zamani, maana kinaweza kuvunjika. Katika baiskeli nyingi kiti huteleza kwenye kibano chake kabla ya paipu kusogea. Hapo kiti hutolewa, na paipu hushikwa kwa spana ya mabomba, ile yenye meno ambayo mafundi wa maji hutumia. Kwa kuwa paipu ni nyembamba na spana ni kali, inafaa kuingiza kipande cha mti mgumu au cha nondo ndani ya paipu ili isibonyee. Paipu iliyobonyea huwa ngumu zaidi kutoa.

Mtu mmoja ashike fremu imara, mwingine azungushe. Aanze kwa kuipiga paipu kwenda chini mara chache, kwa ubao na nyundo, ili kuvunja kutu ya juu. Kisha azungushe kidogo kulia, kidogo kushoto. Alama iliyowekwa mwanzoni itaonyesha kama kuna mwendo. Ikisogea, asishangilie na kuivuta papo hapo. Atie mafuta zaidi, aendelee kuizungusha huku na huku, na aipandishe taratibu kila inapozunguka. Paipu iliyotoka nusu na kukwama tena kwa sababu ya haraka ni shida mpya.

Hatua ya nne: jiliwa la fundi

Ikiwa spana haikufua dafu, kazi ipelekwe kwa fundi mwenye jiliwa, ambalo wengi huliita vaisi. Magurudumu hutolewa, baiskeli hugeuzwa juu chini, na paipu hubanwa kwenye jiliwa kwa nguvu. Sasa fremu nzima ndiyo huwa mkono wa kuzungushia. Watu wawili hushika fremu, mmoja mbele na mmoja nyuma, na kuizungusha kama usukani.

Njia hii ina nguvu kubwa kuliko zote, na kwa sababu hiyo inahitaji macho makini. Paipu itaharibika, na hilo limekubaliwa. Lakini fremu ikianza kujinyonga bila paipu kusogea, kazi isimame mara moja. Irudishwe kwenye mafuta kwa siku mbili nyingine. Fremu iliyojinyonga hairudi kunyooka vizuri, na baiskeli yake huvuta upande mmoja daima.

Kwa paipu ya chuma, kuna ufundi mwingine wa jua kali: fundi wa kuchomelea huunganisha kipande cha nondo juu ya paipu kwa umbo la herufi T. Nondo hiyo huwa mpini wa kuzungushia, na joto la kuchomelea lenyewe husaidia kulegeza kutu. Tairi zote ziwe zimetolewa, na mafuta yote yafutwe kwanza.

Hatua ya tano: moto, kwa fundi peke yake

Chuma kikipashwa joto hupanuka. Fremu ya chuma ikipanda joto kwa nyuzi 100, kipenyo chake huongezeka kwa karibu milimita 0.03, kama nusu ya unene wa unywele. Nafasi hiyo inatosha wakati mwingine kuvunja kutu. Lakini moto una masharti:

Fremu isiwe na mafuta. Dizeli na mafuta ya kulegeza kutu huwaka, na moshi wake hudhuru mapafu. Fremu ifutwe, na kazi ifanyike nje.

Kazi isifanyike karibu na nyumba za makuti ya mkoma, ua wa miti mikavu au mahema. Upepo wa Lodwar na Kakuma una nguvu, na cheche moja inaweza kuteketeza boma zima. Ndoo ya mchanga iwe karibu.

Fremu ya alumini isipashwe moto kamwe. Alumini hupoteza nguvu yake kabla hata haijabadilika rangi, na fremu inaweza kuvunjika siku nyingine ikiwa imebeba mtu.

Fremu ya chuma ipashwe upande wa nje tu, polepole, bila kufika rangi nyekundu. Rangi yake itaungua, na lazima ipakwe upya, la sivyo kutu itaanzia hapo.

Hatua ya mwisho: msumeno

Yote yakishindikana, paipu hukatwa. Kwanza hukatwa juu, na kuacha kama sentimita 3 nje ya fremu. Kisha msumari wa fundi huwa ni subira: ubavu wa msumeno wa chuma hufungwa kitambaa upande mmoja ili uwe mpini, huingizwa ndani ya paipu, na paipu hukatwa kwa urefu kutoka ndani. Mkato mmoja unaweza kutosha, na miwili ni bora. Ubavu ukikaribia kupenya paipu, mkono upunguzwe nguvu, kwa sababu nyuma yake iko fremu. Kisha ncha iliyoachwa nje hushikwa kwa koleo na kukunjwa kwenda ndani, hadi paipu inapojiachia kutoka kwenye ukuta wa fremu.

Kazi hii inaweza kuchukua saa kadhaa. Mwenye baiskeli asimharakishe fundi.

Mambo ya kuepuka

Kuna watu hutumia soda kali ya kutengenezea sabuni ili kuyeyusha paipu ya alumini. Ni kweli kwamba soda hiyo huila alumini, lakini huchemka kwa nguvu, hutoa gesi inayoshika moto, na tone moja likiingia jichoni linaweza kupofusha. Ikiwa fremu nayo ni ya alumini, italiwa pamoja na paipu. Njia hii isitumiwe nyumbani, hasa penye watoto.

Pia si vizuri kufunga baiskeli kwenye mti na kuvuta kiti kwa kamba au kwa pikipiki. Nguvu ya namna hiyo haina kipimo, na kinachoachia kwanza mara nyingi ni fremu.

Kurudisha paipu mahali pake

Paipu ikishatoka, ndani ya fremu husafishwa kwa msasa uliozungushiwa kijiti, kisha kwa kitambaa kikavu. Paipu mpya iwe ya kipimo kilekile. Mwenye baiskeli aende dukani na ile ya zamani, au na kipande chake. Paipu nyembamba iliyozungushiwa bati la kopo hutikisika, huruhusu mchanga kuingia, na hukwama upesi zaidi.

Grisi hupakwa kwenye paipu yote inayoingia ndani, kwenye ukuta wa fremu na kwenye bolti. Kwa fremu na paipu za chuma au alumini, grisi ndiyo kinga kuu, kwa sababu huzuia maji yasikae kati yake.

Paipu nyingi huwa na alama inayoonyesha kina cha chini kabisa cha kuingia. Alama hiyo isionekane nje. Isipokuwepo, angalau sentimita 7 za paipu ziwe ndani ya fremu, na ncha yake ipite chini ya mahali fremu ya juu inapoungana na ile ya kiti. Paipu iliyoingia kidogo hufanya kazi kama wenzo, na uzito wa mwendeshaji huipasua fremu kwenye ufa.

Kupima urefu ni rahisi. Mwendeshaji akae kwenye kiti huku akishikilia ukuta, pedali iwe chini kabisa, na kisigino kiwe juu yake. Mguu ukinyooka bila nyonga kuinama upande mmoja, kiti kiko sawa. Akiendesha kwa kukanyaga na sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjwa kidogo, kama inavyotakiwa. Anayebeba abiria au mzigo mzito anaweza kukishusha kidogo ili mguu ufike chini anaposimama, na mtoto ashushiwe mpaka ncha za miguu yote miwili ziguse ardhi.

Kuzuia isikwame tena

Kinga haina gharama kubwa. Mara moja kwa mwezi, bolti ilegezwe, paipu itolewe yote, ifutwe vumbi, ipakwe grisi kidogo na irudishwe. Kazi hiyo huchukua dakika chache. Kwa baiskeli za kubeba maji, na kwa zile za Kalokol na maeneo mengine ya ufuo wa ziwa, ifanyike kila baada ya wiki mbili.

Kipande cha tyubu kuukuu, chenye urefu wa kidole, kinaweza kuvalishwa kwenye paipu na kushushwa hadi kifunike ule mwanya na ufa wake. Huzuia maji na mchanga kwa kiasi kikubwa. Mifuniko ya mitungi ikazwe vizuri, na baiskeli iliyomwagikiwa maji ya chumvi ifutwe kwa kitambaa kabla ya kukauka.

Anayenunua baiskeli ya mtumba, iwe sokoni Lodwar au Kakuma, aombe kwanza bolti ya kiti ilegezwe na azungushe paipu mwenyewe. Ikikataa, ajue kwamba huenda ananunua pia siku tatu za mafuta na kazi ya fundi, na bei ijadiliwe kwa kuzingatia hilo.

Kwa vijana wanaotaka kujifunza ufundi huu, Katiba ya mwaka 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya serikali za kaunti, na stadi za chuma, kuchomelea na ukarabati hufundishwa katika vyuo kama hivyo. Baiskeli ziko nyingi, mafundi wenye subira hawatoshi, na kila fremu inayookolewa ni baiskeli moja inayorudi barabarani ikiwa na kiti kinachomfaa anayeiendesha.